Marejeo Ni Ngamani: Mahatma Gandhi na Jina la Rama

Hekalu letu linapoongeza mwaka mwingine katika umri wake, kamati ya jarida hili imetutaka tuandike juu ya maisha ya mtu wa zamani anayejulikana na waumini na majirani pia. Tumemchagua Mohandas Karamchand Gandhi, ambaye dunia humwita Mahatma, na sisi wenye asili ya Gujarat humwita Bapu, yaani baba. Habari za siasa yake zimekwisha andikwa mara nyingi na kwa lugha nyingi, nasi hatuna la kuongeza. Twakusudia kuutazama upande mmoja tu wa maisha yake, ambao vitabu vya shule huupita mbio: alikuwa mtu aliyepewa jina moja la Mungu utotoni, likamponyoka, akalirudia, na akaendelea kulirudia mpaka siku aliyokufa.

Upande huo tumeuchagua kwa sababu. Kuna lalamiko ambalo halikosi kusikika barazani pa hekalu, hasa kwa vijana na kwa wafanyabiashara. Mtu huketi alfajiri, mala yenye shanga 108 mkononi, akaanza kuitaja mantra yake. Hajafika ushanga wa 10, na fikira imekwisha toka mlangoni. Imekwenda dukani, imepita bandarini kutazama kontena lililokwama, imebisha hodi kwa mdeni asiyelipa, kisha imevuka bahari kumjulia hali mtoto anayesoma ng'ambo. Mwenyewe anapozinduka, vidole viko ushanga wa 70, wala hajui vilifikaje huko. Siku za mwanzo hucheka. Baada ya miezi huona haya. Mwisho huifunga mala katika kitambaa, akaiweka kabatini mbele ya picha za wazee, na kusema kwamba jambo hili liliumbiwa masadhu wa milimani, si watu wa mizani na daftari.

Hapo ndipo penye hasara. Waliokwisha iweka mala kabatini ni wengi kuliko wanavyodhani wenyewe, na kila mmoja hujiona kuwa ni yeye peke yake. Majirani zetu Waislamu wanaovuta tasbihi, na Wakristo wanaosali rozari, wataitambua hali hii bila ya kuelezwa. Kwa hiyo twaona inafaa kumwuliza mtu aliyekuwa na mashughuli kutushinda sote: yeye alifanyaje?

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika mji wa Porbandar, bandari ya Kathiawar inayotazama bahari ileile inayopiga fukwe za kwetu. Baba yake, Karamchand, alikuwa diwani, yaani waziri mkuu wa mtawala wa huko. Mama yake, Putlibai, alikuwa mcha Mungu aliyefunga saumu nyingi. Mtoto mwenyewe alikuwa mwoga. Aliogopa wezi, aliogopa nyoka, aliogopa mizimu, na giza lilimtisha hata asiweze kulala pasipo taa. Yaya mmoja wa nyumba ile, mwanamke aliyeitwa Rambha, alimwambia kwamba dawa ya hofu ni kulitaja jina la Rama. Mtoto alimwamini yaya kuliko alivyoiamini dawa, lakini alianza kulitaja.

Halikudumu. Baada ya muda aliliacha, kama watoto wanavyoacha mambo. Lakini alipokuwa mtu mzima na kuandika habari za maisha yake, hakumsahau Rambha. Alimhesabu mtumishi yule wa nyumbani kuwa ndiye aliyepanda mbegu, na jina alilofundishwa usiku wa hofu akaliona kuwa tiba isiyoshindwa. Tuzingatie jambo hili sisi tulio na wajukuu. Mbegu haikuota siku ile, wala mwaka ule. Iliota ilipoota.

Wakati huohuo binamu yake mmoja, aliyeipenda sana Ramayana, alipanga Mohandas na kaka yake wafundishwe sala ndefu ya kumwomba Rama ulinzi, iitwayo Ram Raksha. Waliisoma kwa moyo kila asubuhi baada ya kuoga. Gandhi alieleza baadaye, bila ya kujificha, kwamba sehemu ya bidii yake ilikuwa ni fahari: alipenda kusikika akiyatamka maneno ya Kisanskriti sawasawa. Familia ilipohamia Rajkot, ile sala ikapotea. Hapa pana funzo la kwanza. Twadhani kwamba fikira inayotangatanga ni ile inayokwenda sokoni peke yake. La hasha. Hata inayobaki hekaluni ikisikiliza uzuri wa sauti ya mwenyewe imekwisha safiri, tena safari hiyo ni ngumu kuigundua, kwa kuwa mwili umeketi vizuri na midomo haikosei.

Alipokuwa na umri wa miaka 13 yalimtokea mengine. Baba yake alikuwa mgonjwa, nao walikuwa Porbandar. Kila jioni alikuja mtu aliyeitwa Ladha Maharaj, mwenyeji wa Bileshvar, kumsomea mgonjwa Ramayana ya Tulsidas. Ilisemwa kuwa mtu huyo aliwahi kuugua ukoma, akapona kwa majani ya mbilva yaliyotolewa sadaka kwa Mahadeva, na kwa kulitaja jina la Rama mfululizo. Alikuwa na sauti nzuri. Alisoma, akafasiri, akazama katika maneno yake na kuwazamisha wasikilizaji pamoja naye. Kijana yule ambaye sala ya asubuhi ilikuwa imemponyoka, hakuhitaji kuvutwa sikio ili asikilize. Moyo ulikaa wenyewe kwa sababu ulipenda kukaa. Amri humketisha mtoto mkekani, lakini linalomzuia asiinuke ni utamu wa kile anachokisikia.

Mwaka 1888 Gandhi alikwenda London kusoma sheria. Huko, mwaka uliofuata, ndugu wawili wa chama cha Theosofia walimwomba wasome pamoja nao Bhagavad Gita. Aliona haya, kwani yeye Mhindu hakuwahi kuisoma, si kwa Kisanskriti wala kwa Kigujarati. Basi aliisoma akiwa ugenini, kwa tafsiri ya Kiingereza. Sehemu iliyomwingia zaidi ilikuwa katika sura ya 2, pale Krishna anapoeleza ngazi ya kuteremkia: mtu akikizungusha kitu fikirani, hukishikamanisha na moyo, kushikamana huzaa tamaa, tamaa huzaa hasira, hasira huleta mchafuko, mchafuko hufuta kumbukumbu, na kumbukumbu ikifutika mtu ameangamia. Sehemu hiyo ilimkaa masikioni maisha yake yote. Alitambua kuwa fikira inayozurura haizururi bure. Kila inapokwenda hukopa, na deni hulipwa na mtu mzima, kwa matendo yake.

Aliporudi Bombay mwaka 1891 alikutana na mtu ambaye sisi wa duka na ghala tungepaswa kumjua zaidi. Jina lake lilikuwa Rajchandra, na Gandhi alimwita Raychandbhai. Alikuwa Mjaini, kijana wa miaka 20 na kitu, mshirika katika biashara ya lulu na almasi. Alijulikana kwa uwezo wa kushika mambo 100 kwa mara moja bila ya kuchanganyikiwa. Gandhi alimjaribu kwa kumtajia maneno mengi ya lugha za Ulaya alizozijua, naye akayarudia yote kwa mpangilio uleule. Hata hivyo si kipaji hicho kilichomvuta. Kilichomvuta ni kwamba mtu yule, mara tu alipomaliza mazungumzo ya biashara ya fedha nyingi, alifungua daftari lake la mambo ya roho na kuandika. Lulu ziko mezani, wateja wametoka sasa hivi, naye amekwisha rudi kwake. Hakusubiri duka lifungwe, wala uzee, wala safari ya hija. Rajchandra alikufa mwaka 1901 akiwa na miaka 33 tu, lakini Gandhi hakuacha kumtaja miongoni mwa watu wachache waliomjenga.

Mwezi wa Aprili 1893 Gandhi alipanda meli kuelekea Afrika Kusini, ameajiriwa kwa mwaka mmoja kusaidia kesi ya wafanyabiashara Waislamu wenye asili ya Porbandar. Safari hiyo yatuhusu sisi wa pwani hii, kwani baada ya siku kama 13 meli ilitia nanga Lamu kwa saa chache, ikaenda Mombasa, kisha Zanzibar, ambako alikaa siku 8 au 10 akingojea meli nyingine. Kijana huyo wa miaka 23, aliyeshindwa kupata kesi za kutosha Bombay, alikanyaga udongo wetu bila ya mtu kumtambua. Alifika Natal mwishoni mwa Mei. Usiku wa tarehe 7 Juni alishushwa garimoshi katika stesheni ya Pietermaritzburg kwa sababu ya rangi yake, ingawa alikuwa na tikiti ya daraja la kwanza. Aliketi katika chumba cha abiria, baridi kali, koti lake likiwa ndani ya mizigo iliyochukuliwa na watu wa reli. Fikira zake ziligombana usiku kucha: arudi India, au akae atetee haki yake? Alikaa. Ule mwaka mmoja ukawa 21.

Huko Afrika Kusini ndiko alikojifunza kuishi na fikira nyingi bila ya kutekwa nazo. Huko Johannesburg alikuwa wakili mwenye wateja tele, hana muda wa kuketi pembeni kwa utulivu. Akatafuta upenyo. Kila asubuhi alitumia dakika 15 kwa kupiga mswaki na dakika 20 kwa kuoga. Akabandika ukutani, mbele ya mahali alipopigia mswaki, vipande vya karatasi vilivyoandikwa beti chache za Gita, akawa anazikariri akisafisha meno. Wakati wa kuoga ukawa wa kurudia za siku zilizopita. Kwa njia hiyo alihifadhi sura 13. Sisi twapenda sana habari hii, kwa kuwa haina milima wala mapango. Ina ukuta, mswaki na karatasi. Mtu yule alijua kwamba macho yake yangezunguka, basi akayawekea kitu cha kurudia kukitazama.

Katika makazi aliyoyaanzisha Phoenix mwaka 1904, na baadaye katika Shamba la Tolstoy mwaka 1910, Wahindu, Waislamu, Wakristo na Waparsi waliishi pamoja, na jioni watu walikusanyika kusali na kuimba. Aliporejea India mwaka 1915 aliuendeleza mtindo huo Ahmedabad, kwanza Kochrab, kisha kando ya mto Sabarmati. Huko kengele ya kuamka ililia alfajiri mapema, na watu wakaketi mchangani kwa sala kabla ya jua. Jioni walisoma beti 19 za mwisho wa sura ya 2 ya Gita, zinazomweleza mtu mwenye akili iliyotulia, anayezikusanya hisi zake kama kobe anavyovikusanya viungo vyake gambani.

Tusidhani kwamba waliokusanyika pale walikuwa malaika. Waliochelewa walikuwapo, na waliosinzia walikuwapo. Muda wa sala ya alfajiri ulibadilishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya udhaifu wa watu. Gandhi hakuifuta sala kwa kuwa baadhi walisinzia, wala hakuwafukuza. Aliirekebisha saa, na kesho yake kengele ikalia tena.

Watu wengi walimwandikia kumweleza tatizo hilohilo tunalolisikia barazani pa kwetu. Majibu aliyotoa katika barua na katika gazeti lake la Harijan yalifuata njia moja. Jina huanzia midomoni, na si aibu kuanzia hapo. Mwenye kuona kwamba moyo haujafuatana na ulimi asiunyamazishe ulimi. Aendelee kwa imani, na moyo utafuata. Alikataa pia kulifanya jina kuwa uganga. Alisema halina nguvu kwa mtu anayelitaja huku akiendelea kudhulumu, kula kwa pupa na kukataa kuhudumia wengine. Na kwa majirani tuongeze kwamba Rama aliyemtaja hakuwa kwake mfalme wa Ayodhya tu, mtoto wa Dasharatha. Lilikuwa ni jina la Mungu mmoja asiye na mwanzo, na wengine wakimwita kwa majina yao, anayeitwa ni yeye yule.

Pamoja na jina alishika kazi ya mkono. Kila siku alisokota pamba kwa charkha, gurudumu la kusokotea uzi. Yeyote aliyewahi kuijaribu kazi hiyo anajua tabia yake: mkono mmoja huzungusha gurudumu, mwingine huvuta pamba, na fikira ikienda mbali hata kidogo, uzi hunenepa, hukonda, kisha hukatika. Hakuna kengele iliyo kali kuliko hiyo. Lakini msokotaji hapigi kelele, hajilaani, wala halitupi gurudumu uani. Hushika ncha mbili, huziunganisha kwa pamba kidogo, akaendelea. Jioni nguo haiulizi uzi ulikatika mara ngapi. Waswahili wamesema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na sisi twaona kuwa kukatika kwa uzi si mwisho wa japa.

Alikuwa na desturi ya kunyamaza kila siku ya Jumatatu. Aliyekuwa na jambo alijibiwa kwa kipande cha karatasi. Na mwaka 1930, baada ya kutembea siku 24 kutoka Sabarmati hadi ufuoni Dandi kwa ajili ya chumvi, huku sala za asubuhi na jioni zikiendelea njiani, alikamatwa na kutiwa gereza la Yeravda. Gereza hilo aliliita mandir, yaani hekalu. Kutoka huko aliwaandikia watu wa ashramu barua kila wiki, na siku baada ya siku akazitafsiri kwa Kiingereza nyimbo zao za sala kwa ajili ya mwanafunzi wake Miraben. Serikali ilikuwa imemfungia milango ili asifanye kazi. Yeye alizihesabu kuta zile kuwa zimemwondolea vishawishi vya kutangatanga.

Huzuni ndiyo mpinzani mkubwa kuliko biashara, nayo ilimfika. Kuanzia Agosti 1942 alifungwa katika kasri la Aga Khan, Poona. Hawajamaliza wiki moja, katibu wake Mahadev Desai, aliyekuwa kama mwanawe, alifariki humo. Tarehe 22 Februari 1944 akafariki humo mkewe Kasturba, waliyeishi pamoja zaidi ya miaka 60. Moyo wa mzee wa miaka 74 katika hali hiyo huenda wapi anapofumba macho? Hatuhitaji kuambiwa. Saa ya sala haikuacha kufika, naye hakuacha kuketi.

Mwishoni mwa mwaka 1946 mauaji baina ya Wahindu na Waislamu yalipozuka Noakhali, Bengal, alikwenda huko. Kuanzia Januari 1947 alitembea miguu mitupu kijiji hadi kijiji, vijiji zaidi ya 40, akalala palipopatikana, na kila jioni akasali hadharani. Alipofika Delhi mwaka huohuo wapo waliozikatiza sala zake wakipinga kusomwa kwa aya za Kurani katikati yake. Hakuwaita askari wawatoe. Mara nyingine aliisimamisha sala kabisa mpaka wapinzani watulie, na kesho yake akaja tena, na aya zikasomwa tena. Tarehe 20 Januari 1948 bomu lililipuka karibu na mahali pa sala. Aliwatuliza watu, akaendelea.

Tumefika tarehe 30 Januari 1948. Saa 10 jioni Sardar Patel alikuja kuzungumza naye katika nyumba ya Birla, Delhi. Mazungumzo yalikuwa mazito, juu ya mfarakano kati ya Patel na Nehru uliotishia serikali changa. Sala ilikuwa saa 11, na Gandhi alikuwa mtu wa saa. Lakini muda ulipita, na wasichana wawili waliomhudumia, Manu na Abha, walisita kumkatiza, mpaka Abha alipomwonyesha saa. Aliondoka haraka, mikono yake mabegani mwao, amechelewa dakika 10. Njiani aliwatania juu ya karoti mbichi alizopewa na Abha, kwamba ni chakula cha ng'ombe. Kisha akawakemea kidogo: ilikuwa kazi yao kumkumbusha, naye hapendi kuchelewa sala hata dakika moja.

Wakafika kwenye vidaraja vya kupandia uwanja wa sala. Hapo wote watatu wakanyamaza. Yalikuwa makubaliano yao ya siku zote, yasiyohitaji kusemwa, kwamba mzaha na mazungumzo hukoma kabla ya mguu kukanyaga uwanja ule, ili pasibaki fikira nyingine ila ya sala. Patel na Nehru wakaachwa chini ya vidaraja. Karoti zikaachwa. Saa ikaachwa. Akapanda, akaviunganisha viganja kuwasalimu watu, na mtu mmoja akajipenyeza mbele yake, akampiga risasi tatu. Manu, aliyekuwa ubavuni pake, alisimulia kwamba jina la Rama lilikuwa midomoni mwake alipoanguka. Jina hilo limechongwa juu ya jiwe jeusi huko Raj Ghat, mahali alipochomewa.

Watu hustaajabia neno lile la mwisho. Sisi twastaajabia zaidi ukimya uliotangulia, pale vidarajani. Dakika moja kabla yake fikira zake zilikuwa zimetapakaa: serikali inayoyumba, muda uliopita, mzaha, kemeo. Alikuwa na miaka 78, na bado fikira zilikwenda. Lakini mlango alikuwa ameuweka mahali pamoja, na kila alipoufikia aliyaacha yaliyo nje yake, akaingia. Alikuwa ameurudia mlango huo mara nyingi mno, hata miguu ikaujua bila ya kuuliza.

Basi tusemeje na wenzetu walioifungia mala kabatini? Kwanza, Gita yenyewe katika sura ya 6 haikumficha Arjuna ugumu huu. Arjuna alilalamika kuwa moyo ni kama upepo, haushikiki. Krishna hakumkanusha. Alimwagiza mazoezi na kutojifunga na vitu, na kwamba kila moyo unapotoroka, urudishwe. Tumeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na hatukuona mahali iliposemwa ni mara ngapi. Haikuwekwa idadi. Aliyerudi mara 100 katika mala moja amefanya mara 100 kazi aliyoagizwa.

Pili, fikira inapotoka, kuifukuza kwa hasira ni kuikaribisha ya pili. Mwenye duka mwenye busara hamfukuzi kwa kelele mteja anayepoteza muda; humwacha, akageukia kazi yake. Tatu, tuweke saa na mahali, kama kengele ya Sabarmati, kwa kuwa kinachorudiwa kila siku katika saa moja hujenga njia, na maji hufuata mkondo. Nne, tuwe na vidaraja vyetu: mahali ambapo simu huzimwa, hesabu huachwa, na maneno hukoma. Inaweza kuwa kizingiti cha hekalu ambapo viatu huvuliwa. Twavua viatu kila siku. Tuvue na shughuli pamoja navyo. Na tano, tukumbuke Rambha. Watoto wanaozunguka uani wakati wa arti, wasioonekana kusikia lolote, wanapandwa mbegu ambayo sisi huenda tusiione ikiota.

Mabaharia wa pwani hii, waliokuwa wakiyaleta majahazi ya babu zetu kwa upepo wa kaskazi, walituachia methali: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtu huzunguka chomboni kutoka shetri hadi gubeti, lakini mwisho hurudi tumboni mwa chombo. Fikira ni mwendaji huyo. Haitakoma kwenda tezi, haitakoma kwenda omo. Ngama ni jina tulilopewa, na chombo hakijazama.

Kwa hiyo twawaomba wenzetu, katika mwaka huu wa kumbukumbu, wafungue kabati, waitoe mala katika kitambaa, na kesho alfajiri waanze kwenye ushanga wa kwanza.